Umbo kwanza, ukubwa baadaye: mwongozo kamili wa kupanga saizi za picha unazouza mtandaoni

Nakala ya kwanza niliyouza mtandaoni iliniletea malalamiko. Ilikuwa picha ya korongo amesimama kwenye maji ya kina kifupi, mdomo ukikaribia ukingo wa kushoto, mkia ukikaribia wa kulia. Kwenye orodha ya saizi nilikuwa nimeweka kila saizi aliyokuwa nayo mchapaji, nikiamini kwamba machaguo mengi huleta wateja wengi. Mteja akachagua inchi 8 kwa 10 kwa sababu fremu ya saizi hiyo alikuwa nayo tayari. Mashine ikafanya kilichoandikwa kwenye mipangilio: ikaijaza karatasi yote, na kilichozidi kikakatwa. Korongo akamfikia mwenyewe hana ncha ya mdomo.

Sikuwa na wa kumlaumu. Picha ilikuwa na umbo lake, karatasi ilikuwa na umbo jingine, na mimi muuzaji niliviacha vikutane vyenyewe mashineni. Tangu siku hiyo sianzi tena na swali la picha iwe kubwa kiasi gani. Naanza na umbo, kisha pikseli, ndipo nafika kwenye saizi.

## Hatua ya 1: Jua umbo la picha ulizonazo

Umbo la picha huelezwa kwa uwiano wa pande: gawanya upande mrefu kwa upande mfupi. Fungua taarifa za faili usome idadi ya pikseli. Ukikuta 6000 kwa 4000, jibu ni 1.5, yaani 3:2. Ukikuta 4032 kwa 3024, jibu ni 1.33, yaani 4:3. Fanya hivyo kwa picha zote unazotaka kuuza, hata zile unazodhani unazijua, maana picha uliyoikata kidogo miaka miwili iliyopita huenda haina tena umbo lolote lenye jina.

Kila umbo lina asili yake, na ukiijua utaelewa kwa nini fremu za madukani hazipatani na kamera yako. Umbo la 3:2 tumerithi kutoka kwa Oskar Barnack wa kampuni ya Leitz, ambaye aliichukua filamu ya sinema ya milimita 35 na kuipitisha kamerani kwa kulala, kila picha ikawa na milimita 24 kwa 36. Leica ilipoingia sokoni mwaka 1925 umbo hilo likaenea, na hadi leo kamera nyingi za lenzi za kubadilisha hupiga hivyo. Simu nyingi hupiga 4:3, na vilevile kamera za mfumo wa Micro Four Thirds. Ukiweka simu yako kwenye 16:9, mara nyingi kinachotokea ni kwamba picha ileile ya 4:3 inakatwa juu na chini.

Umbo la 5:4 ndilo chanzo cha mkasa wa korongo wangu. Lilitoka kwenye kamera kubwa za zamani zilizotumia filamu za vipande vya inchi 4 kwa 5 na 8 kwa 10. Watu waliomiliki kamera hizo wamepungua sana, lakini fremu zilizotengenezwa kwa ajili ya nakala zao zimebaki zikiuzwa kila mahali. Nazo karatasi za A hazikutoka kwa wapigapicha kabisa. Zinatokana na kiwango cha Ujerumani cha mwaka 1922, DIN 476, na uwiano wake ni 1.414: ukiikunja karatasi katikati, nusu yake ina umbo lilelile. Ni sifa nzuri kwa ofisi, ila hakuna kamera iliyo maarufu inayopiga umbo hilo.

## Hatua ya 2: Panga saizi kwa koo

Saizi zenye uwiano mmoja ni ukoo mmoja. Faili moja iliyoandaliwa vizuri inaweza kutoa saizi zote za ukoo huo bila kukatwa hata milimita. Hizi ndizo koo utakazokutana nazo:

- 3:2 kwa sentimita: 10×15, 20×30, 30×45, 40×60, 60×90. Kwa inchi: 4×6, 8×12, 12×18, 16×24, 20×30, 24×36.
- 4:3 kwa sentimita: 15×20, 30×40, 45×60, 60×80. Kwa inchi: 6×8, 9×12, 12×16, 18×24, 30×40.
- 5:4 kwa sentimita: 20×25, 40×50. Kwa inchi: 8×10, 16×20, 24×30.
- Ukoo wa A kwa milimita: A4 ni 210×297, A3 ni 297×420, A2 ni 420×594, A1 ni 594×841.
- Mraba, saizi yoyote yenye pande sawa.

Kisha wapo mayatima: inchi 11×14, inchi 5×7, sentimita 13×18, 50×70, 70×100. Inchi 11×14 ina uwiano wa 1.27 na haina ndugu wa karibu. Lakini 50×70 ni 1.4, jirani mno na ukoo wa A. Faili ya A ikichapwa kwa 50×70 inapoteza kama asilimia moja tu ya upande mrefu, kiasi ambacho hakuna atakayekiona. Kwa hiyo ukiwa tayari umeikata picha kwa A, 50×70 umeipata bure.

Hapa kuna mtego ambao umewakamata wengi. Andika kipimo kila mara. "20×30" kwa inchi ni sentimita 50.8 kwa 76.2, "20×30" kwa sentimita ni ndogo kuliko daftari kubwa lililofunguliwa. Kwa eneo, ya kwanza ni zaidi ya mara sita ya ya pili. Mteja aliyelipia moja akapokea nyingine hatakusamehe, hata kama bei ilikuwa sahihi. Na usizichukulie inchi na sentimita kuwa sawa kwa kukadiria: inchi 8×10 ni sentimita 20.3 kwa 25.4, kwa hiyo nakala hiyo haiingii kwenye fremu ya sentimita 20×25 mpaka mtu aipitishe mkasi.

## Hatua ya 3: Pima unachopoteza ukibadilisha ukoo

Hesabu ni nyepesi. Gawanya uwiano mdogo kwa uwiano mkubwa. Jibu ni sehemu ya picha inayobaki. Kutoka 3:2 kwenda 5:4 ni 1.25 ÷ 1.5, sawa na asilimia 83. Maana yake umepoteza sehemu moja kati ya sita ya upande mrefu. Kutoka 3:2 kwenda 4:3 unapoteza asilimia 11, kwenda ukoo wa A karibu asilimia 6, na kwenda mraba theluthi nzima. Picha ya simu ya 4:3 ina nafuu: kwenda 5:4 inapoteza asilimia 6 tu, na kwenda A vilevile asilimia 6, ila safari hii kinachokatwa ni upande mfupi.

Asilimia lakini haikuambii kilichokuwemo ndani ya kile kipande. Anga tupu ya asilimia 17 haimuumi mtu. Ncha ya mdomo wa korongo haifiki hata asilimia moja, na bila hiyo picha imekufa. Kwa hiyo weka picha kwenye programu yako ya kuhariri, funga kisanduku cha kukatia kwenye uwiano unaoufikiria, kisogeze huku na huku, na uamue picha moja moja. Mimi huandika kwenye daftari maneno mawili tu kando ya kila uwiano: "inakubali" au "haikubali". Picha ikinifanya nisitesite, naandika haikubali.

Wapo wanaoona kukata picha ni dhambi. Mpigapicha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alisifika kwa kutaka picha zake zichapwe nzima, hadi ule mstari mweusi wa ukingo wa filamu ukaonekana. Na bado ile picha yake maarufu ya mwaka 1932, ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya kituo cha treni cha Saint-Lazare mjini Paris, ilikatwa. Mimi sina itikadi juu ya jambo hili. Ninachokataa ni kukatiwa na mashine.

Kuanzia sasa, unapopiga picha unayohisi itauzwa, rudi nyuma hatua moja. Acha hewa kidogo pande zote, hasa kwenye ncha za upande mrefu. Pikseli unazopoteza kwa kufanya hivyo ni bei rahisi ukilinganisha na picha isiyoweza kutoka kwenye ukoo wake.

## Hatua ya 4: Picha isiyokubali kukatwa, ipe pambizo

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inamaliza ugomvi wa picha na fremu bila kumwaga damu. Badala ya kuilazimisha picha ijaze karatasi, iache katikati na pambizo nyeupe kuizunguka.

Ukizitazama saizi za sentimita zinazouzwa sana, utaona kitu cha kufurahisha. Chukua fremu ya 30×40, ambayo ni 4:3. Toa sentimita 5 kila upande: inabaki 20×30, ambayo ni 3:2 kamili. Chukua 50×70, yule yatima. Toa sentimita 5 kila upande: 40×60, tena 3:2 kamili. Chukua 70×100: inabaki 60×90. Fremu tatu za kawaida, na zote zinapokea picha ya 3:2 nzima, pambizo zikiwa sawa juu, chini na ubavuni. Mwenye picha za 4:3 naye hakuachwa: 40×50 ikitolewa sentimita 5 kila upande inabaki 30×40.

Kwa inchi nako inawezekana, ila kwa gharama. Karatasi ya 8×10 ukitaka pambizo sawa na picha ya 3:2, pambizo lazima ziwe inchi 2, na picha inabaki 4×6. Ni ndogo, lakini ndani ya fremu nzuri hukaa kwa heshima. Ndivyo nilivyomrudishia yule mteja korongo wake mzima, na nakala ikaingia kwenye fremu ileile aliyokuwa nayo.

Pambizo waweza kuzichapa kwenye karatasi yenyewe, au kumwachia mteja atumie kadi nene yenye dirisha, ile inayowekwa kati ya kioo na picha. Ukichagua kadi, dirisha liwe dogo kuliko picha kwa milimita tatu hivi kila upande, la sivyo ukingo wa nakala utachungulia. Ukichapa pambizo, kumbuka kwamba mdomo wa fremu hufunika milimita kadhaa za karatasi pande zote. Kwa pambizo ya sentimita 5 hakuna neno, kwa pambizo ya sentimita moja utaona upande mmoja mnene na mwingine mwembamba.

Pambizo pia ni mahali pazuri pa sahihi yako.

## Hatua ya 5: Hesabu pikseli, ndipo uweke kikomo

Gawanya pikseli za upande mrefu kwa inchi za upande huo huo wa nakala; jibu ni pikseli kwa kila inchi. Faili ya 6000×4000 kwa pikseli 300 kwa inchi inatoa inchi 20 kwa 13, karibu sentimita 50 kwa 34. Watu wengi husimama hapo na kuambizana kwamba kamera ya megapikseli 24 haiwezi kupita saizi hiyo. Si kweli.

Namba 300 inatokana na jicho linalotazama kwa karibu, kama mtu anayeshika nakala mkononi. Jicho zuri hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa dakika moja ya nyuzi, yaani sehemu moja kati ya sitini ya nyuzi moja. Ukiigeuza hiyo kuwa hesabu ya kazi: gawanya 8700 kwa umbali wa mtazamaji kwa sentimita. Kwa sentimita 30 unapata 290. Kwa mita moja, 87. Lakini watu hawakai mita moja; picha ikiwavutia wanasogea. Kwa hiyo mimi hujiwekea ngazi tatu: karibu na 300 kwa saizi ndogo za mezani, 200 kwa zile za katikati, na nisishuke chini ya 150 kwa zile za ukutani. Faili ya 6000×4000 ikichapwa sentimita 60×90 inabaki na pikseli kama 169 kwa inchi, inapita. Picha ya simu ya 4032×3024 ikichapwa 30×40 ina 256, nzuri kabisa. Ikichapwa 60×80 inashuka hadi 128, na hapo mimi huiondoa kwenye orodha.

Hesabu baada ya kukata, si kabla. Faili ya 6000×4000 ikikatwa kwa 5:4 ni 5000×4000, na kila kikomo ulichoweka kinasogea.

Hesabu nayo haioni ukungu. Fungua picha kwa asilimia mia moja kwenye skrini utembeze macho kona hadi kona: je, macho ya mnyama yako makali? Kuna chembechembe za giza kivulini? Picha iliyotikisika kidogo inaweza kupendeza kwa 20×30 na kuaibisha kwa 60×90, hata kama pikseli zinatosha. Na ile namba ya 72 au 300 unayoiona kwenye taarifa za faili isikusumbue; ni maandishi tu, idadi ya pikseli ndiyo mali.

## Hatua ya 6: Chagua saizi tatu, uachie hapo

Mteja anayekuta saizi kumi na nne anaondoka kwenda kufikiria, na harudi. Tatu zinatosha kwa picha nyingi, na tofauti yake ionekane kwa macho. Ukizidisha pande mara mbili, eneo huwa mara nne: 20×30 na 40×60 ni bidhaa mbili tofauti kabisa, lakini 40×60 na 45×68 ni maumivu ya kichwa tu.

Kwa picha za 3:2 mimi nina sentimita 20×30, 40×60 na 60×90, na kila moja yaweza kuchapwa na pambizo za sentimita 5 kwa mwenye fremu ya 30×40, 50×70 au 70×100. Ya kwanza ni zawadi na ya mezani. Ya pili ndiyo ya ukuta mdogo. Ya tatu ni ya sebuleni, na hapo wateja hukosea mara zote kwa upande mmoja: wanaagiza ndogo. Kipimo cha wapambaji ni kwamba picha iliyo juu ya kochi ichukue karibu theluthi mbili za upana wa kochi. Kochi la mita mbili linahitaji upana wa sentimita 130 hivi, ambao hata 60×90 ya kulala haiufikii. Mbili za kusimama, zikiachana kwa sentimita 10, zinaufikia barabara. Weka ushauri huo kwenye ukurasa wa bidhaa, utauza nakala mbili kwa uaminifu.

Ukiwa unauza faili za kujichapia, mambo yanageuka. Hapo huuzi saizi bali koo: faili ya 3:2, ya 4:3, ya 5:4, ya A, na moja ya 11×14, kila moja umeikata mwenyewe kwa mkono. Andaa kila faili kwa saizi kubwa zaidi ya ukoo wake ambayo pikseli zinaruhusu, na umwandikie mnunuzi orodha fupi ya faili ipi ni ya fremu zipi.

Ukiuza kwa idadi maalumu, amua mapema kama idadi hiyo ni ya saizi moja au ya zote pamoja, na ukiandike. Mwaka 2012 nakala 36 za mpigapicha Mmarekani William Eggleston zilipigwa mnada na Christie's, New York, zikiwemo picha zake za zamani zilizochapwa upya kidijitali kwa saizi kubwa. Mkusanyaji mmoja aliyekuwa na nakala za mwanzo, ndogo na zenye idadi maalumu, alimshtaki akidai mali yake imeshushwa thamani. Mwaka 2013 hakimu aliitupa kesi hiyo. Wewe huna haja ya kufika mahakamani ili ujue mteja wako alielewa nini, sentensi moja inatosha: "Nakala 25 kwa saizi zote, hakutakuwa na nyingine."

## Hatua ya 7: Andaa faili mwenyewe

Usimpelekee mchapaji faili moja na kumwachia akili ya mashine. Toa faili kwa kila uwiano unaouza, JPEG ya ubora wa juu, rangi za sRGB (mpangilio wa rangi wa kawaida wa skrini na mtandao) isipokuwa mchapaji ameomba nyingine, na uandike uwiano kwenye jina la faili: korongo_3x2, korongo_A. Kwenye mipangilio ya oda tafuta chaguo la kujaza karatasi au kutoshea ndani yake. Faili ikiwa na umbo sahihi, machaguo yote mawili yatatoa kitu kimoja, na hapo ndipo unajua umefanya kazi vizuri. Wachapaji wengine huhitaji milimita tatu za ziada kila upande ili kisu kikiteleza kisiache mstari mweupe, uliza kabla.

Kanvasi ina hila yake. Ikizungushwa kwenye mbao, sehemu ya picha inapinda kwenda ubavuni. Kwa mbao za unene wa sentimita 4, picha ya mbele ya 40×60 inahitaji faili ya 48×68, ambayo uwiano wake si 1.5 tena bali 1.42. Ama uwe na hewa ya kutosha pembeni, ama umwambie mchapaji ajaze ubavu kwa rangi moja au kwa kuakisi ukingo kama kioo. Picha ya korongo siiuzi kwa kanvasi kabisa.

## Hatua ya 8: Onyesha kile mteja atakachopokea

Maduka mengi ya mtandaoni huonyesha picha ndogo za orodha zikiwa zimekatwa mraba. Mteja anaipenda ile ya mraba, kisha anashangaa aliyoipokea ni ndefu. Picha ya kwanza ya bidhaa iwe nzima. Kama unatoa uwiano mwingine, kila uwiano uwe na picha yake ya mfano, na pambizo zionekane kama zipo. Andika vipimo vitatu kwa majina yake: ukubwa wa picha, ukubwa wa karatasi, na, ukiuza na fremu, ukubwa wa nje wa fremu. Vitatu hivi mara nyingi havifanani.

Kabla ya kufungua mauzo, agiza nakala moja ya kila ukoo ije kwako. Ipime kwa rula.

Na akija mtu kuomba saizi ambayo haipo, usikimbilie kusema ndiyo. Muulize kwanza kama tayari ana fremu au ana ukuta mtupu. Mwenye ukuta, mwambie akate magazeti kwa vipimo vyako vitatu, ayabandike ukutani na kuyatazama kwa siku mbili. Mwenye fremu, mwombe aigeuze na kupima kioo chake kwa nyuma, urefu na upana, kisha akutumie namba pamoja na kipimo chake.